Mwaka Tuliokwangua Manjano Ukutani

Manjano imerudi Likasi, na mimi sikuialika. Pita kwenye maduka ya karibu na soko utaona mwenyewe: rido za manjano madirishani, foronya za manjano, maua ya plastiki ya manjano yasiyofanana na ua lolote aliloliumba Mungu. Wasichana wanaokaribia kuolewa wanaonyeshana picha kwenye simu. "Ona hii saloni, iko na jone muzuri!" Jone, ndivyo tunavyoiita manjano kwetu. Mimi nikilisikia neno hilo mwili unanisisimka. Wanadhani ni wivu wa mama mzee. Waache wadhani.

Mdogo wangu wa mwisho amejenga nyumba kwenye njia ya kwenda Kambove, na mchumba wake ndiye aliyechagua rangi. Ukuta wa manjano, rido za manjano, hata kitambaa cha meza. Siku ya kutuonyesha nyumba, mama yetu, ambaye magoti yamemchoka lakini ulimi bado kabisa, alifika mpaka mlangoni, akachungulia ndani, akageuka. Alikaa uani juani na sahani ya bukari, ndiyo ugali wetu, mapajani mpaka tukamaliza kula. Mchumba wa watu akalia jikoni. Mdogo wangu akanivuta kando, mimi dada yake mkubwa, mishipa imemsimama shingoni.

"Yaya, Mama iko na nini na jone? Ao ni muke yangu njo hamupende?"

Nilimwambia mkewe hana kosa, na kwamba nitamweleza nikipata nafasi. Nafasi ndiyo hii.

Sisi tulikuwa watoto wa kambi, yaani zile nyumba za wafanyakazi wa kampuni ya madini, mstari baada ya mstari, zote zimezaliwa mapacha. Papa, baba yetu, alikuwa fundi wa rangi kiwandani. Usidhani alichora picha. Alipaka vyuma vya kujishikia kwenye ngazi, ndoano za mashine za kunyanyulia mizigo, ukingo wa mashimo. Kila kitu kinachoweza kuua mtu kilipakwa manjano ili mtu akione kabla hakijamwona yeye. Papa aliipenda kazi hiyo, na alikuwa na maringo nayo. Alisema mtu akianguka kwenye ngazi aliyoipaka yeye, basi huyo alitaka kuanguka.

Nyumba za kambi hazikuwa za manjano tangu mwanzo. Nkambo, mama yake Papa, aliyekaa nasi, alikumbuka wakati mji ulikuwa na jina lingine, na nyumba zote zilikuwa nyeupe kwa amri. Kila mwaka walikuja watu na ndoo za chokaa ya Kakontwe, wakapaka, wakapiga mstari mweusi wa lami chini, wakaenda. Hakuna aliyekuuliza unapenda nini. Baadaye wazungu wa kampuni waliondoka, amri ikalegea, na watu wakagundua kwamba ndani ya nyumba unaweza kuchagua. Wakachagua manjano. Kwanza ile ya siagi, laini, ya watu wanaojaribu. Kisha ikaja ya kiini cha yai. Kisha, miaka ambayo depo ya kiwanda iligawia wafanyakazi mabaki ya mikebe wakati wa sikukuu, ikaja manjano yenyewe ya mashine, ya mafuta, inayong'aa, unaweza kuifuta kwa kitambaa kibichi na ikarudi kama mpya. Hapo wamama walichanganyikiwa. Mama yangu alifuma vitambaa vya manjano vya kila kiti, vya redio, hata vya pipa la maji. Mwanamke asiye na kitu cha manjano saloni alionekana kama hajaolewa vizuri. Picha zote za ndoa za miaka ile, ukizitazama, bibi harusi na bwana wake wamesimama ndani ya kiini cha yai.

Papa alipaka saloni, akapaka chumba chetu, akapaka na chumba chao. Nakumbuka jinsi ilivyokuwa kuingia ndani kutoka juani. Rido zilikuwa za manjano, kwa hiyo hata mwanga ulioingia ulikuwa wa manjano, na sisi sote ndani yake tulikuwa wazuri. Hakuna aliyeonekana mgonjwa nyumbani kwetu. Hakuna aliyeonekana na njaa. Hata posho ilipoanza kukatika, unga wa kampuni ukaja nusu, ukaja robo, ukaacha kuja, ukituona mezani ungesema hawa wameshiba.

Miaka ya tisini ilituingia hivyo, kidogokidogo, kama maji chini ya mlango. Siréni ya kiwanda, ambayo mji mzima uliamka kwayo, ilianza kulia saa zisizo zake, kisha ikanyamaza. Mshahara ulichelewa mpaka watu wakaacha kuuliza. Majirani zetu wa ukuta kwa ukuta waliambiwa kwamba hapa si kwao, kwa sababu wazee wao walitoka mkoa mwingine, wakabeba vitu vyao mpaka stesheni kungojea treni. Hayo sitayaeleza mimi, wapo walioyaishi, watayaeleza wenyewe. Nitasema tu kwamba nyumba yao ilibaki wazi. Watu wakang'oa madirisha, wakang'oa mlango, wakabeba mabati ya upande mmoja. Ukuta wa saloni yao ulitazama uani kwetu kupitia tundu la dirisha, na ulikuwa wa manjano kama wetu, Papa ndiye aliyempakia jirani kwa mkono wake.

Sasa sikiliza. Mchana, jua lilipopinduka, liliingia pale mabati yalipong'olewa na kuupiga ule ukuta, na nyumba ile ikawaka. Naapa. Ungedhani mtu amewasha taa ndani. Nyumba haina watu, haina dirisha, haina hata panya, na inawaka mchana kweupe kama inangojea wageni. Kitambaa kimoja cha manjano kilikuwa bado kimetundikwa kwenye msumari pale ukutani, na pamoja na wizi wote ule, hakuna aliyekigusa. Kuku wetu waliokula kila mahali hawakuingia mle. Sisi watoto tulipotoka shuleni tulizunguka nyuma ya choo ili tusipite mbele yake, na wakubwa walitucheka, lakini nao niliwaona wakizunguka.

Mwaka posho ilipoanza kukatika, Mama alikuwa amezaa mtoto wa kiume. Wewe mdogo wangu humjui huyo. Alikutangulia.

Kwetu mtoto mchanga hatoki nje mpaka kitovu kianguke. Anakaa chumbani na mama yake, rido zimefungwa, na wageni wanaishia mlangoni. Nkambo alilisimamia hilo kama askari. Basi mtoto alilazwa ndani ya chumba cha manjano, nyuma ya rido ya manjano, na wamama wakaja wakachungulia kutoka mlangoni. "Mawee, anang'aa!" Na kweli aling'aa. Alikuwa mzuri, rangi yake tamu, na hata weupe wa macho yake ulikuwa wa asali. Alilala sana. Mama alifurahi, kwa sababu mimi na wakubwa zangu tulikuwa watoto wa kupiga kelele. "Huyu hasumbue mutu," alisema. Alikaa karibu naye siku nzima akimtazama, akiimba chini kwa chini.

Kisha mtoto akachoka kunyonya. Kisha akaanza kulia kilio chembamba kama bawaba isiyo na mafuta, mgongo ukijipinda kwenda nyuma. Nkambo alisema ni ndege wa watoto, yaani degedege, akamchemshia majani. Siku iliyofuata alikuwa amekufa, na kitovu bado hakijaanguka. Mtoto wa namna hiyo kwetu hafanyiwi kilio cha viti na turubai. Wamama wachache walimfunga ndani ya kikwembe kuanzia utosini mpaka nyayo, wakamtoa hivyo hivyo, wakamzika. Hakuna aliyemfunua. Jua halikumwona hata mara moja, wala sisi hatukumwona ndani ya jua.

Mama hakulia kwa sauti kwa sababu walimkataza. Alirudi chumbani, akalala akitazama ukuta.

Baadaye mtoto mchanga mwingine akafa mstari wetu ule ule, nyumba ya mwisho. Na wale majirani waliokwenda stesheni nao walikuwa wamezika mtoto mchanga mwaka mmoja kabla. Siwezi kusema walikufa kwa kitu kimoja, malaria ilikuwepo, njaa ilikuwepo. Lakini kulikuwa na mama mmoja mstarini, sisi tulimwita Mama wa Maombi, aliyekusanya watu saloni kwake kusali baada ya mume wake kwenda kuchimba madini Kambove kwa mikono yake mwenyewe. Yeye ndiye aliyesema. Alisimama uani kwetu, akanyoosha kidole kwenye ile nyumba tupu inayowaka.

"Angalieni muzuri, bamama. Batoto yote banakufia mu jone. Ile rangi inakula."

Wee! Ungeona jinsi neno hilo lilivyokimbia. Rangi ambayo wamama waligombea kwa miaka, wakafuma mpaka vidole vikavimba, ghafla hakuna aliyetaka kukaa nayo chumba kimoja. Vitambaa vya redio vilichomwa pamoja na takataka. Rido zilishushwa zikawa nguo za kufutia sakafu. Na kwa sababu hakuna aliyekuwa na pesa ya rangi, watu wakarudia ile ya Nkambo, chokaa. Ilikuja kwa magunia kutoka Kakontwe, imefungwa kwenye baiskeli, na mstari mzima ukaanza kupaka nyeupe juu ya manjano.

Papa aliona akacheka kwa hasira. Alikuwa amekaa nyumbani miezi sasa, fundi bila kazi, na hasira ndiyo kitu pekee kilichobaki na mshahara kamili. "Chokaa haishike ku pentire ya mafuta! Banaharibu chokaa bure!" Na ikawa kama alivyosema. Mvua za kwanza zilipoanza na hewa ikalowana, chokaa ilibanduka. Ilianguka vipande, na chini yake manjano ikachungulia, safi, inang'aa, kama haikuguswa. Katika nyumba moja ilichungulia juu ya kitanda. Katika nyingine ilitoka alama ndefu kama mtu amesimama. Watu wakapaka tena, ikatoka tena, mahali pengine. Papa alieleza mpaka akachoka kwamba ni jambo la mafuta na maji tu. Watu walimsikiliza kwa adabu. Kisha wakasema manjano inakataa kufa.

Mimi niliamini nani? Mchana nilimwamini Papa. Jua likipinduka na ile nyumba ya jirani ikiwaka, niliamini Mama wa Maombi.

Ndipo Mama akapata mimba tena. Alingoja mpaka tumbo likaonekana, akasimama mbele ya Papa saloni.

"Baba ya batoto, minye sitazala mu jone."

"Mama ya batoto, weye pia?"

"Minye pia."

Papa alikasirika. Mwelewe. Kiwanda kilikuwa kinaoza, ngazi zake zilikuwa zinashika kutu, na kazi yake yote ya maisha ilikuwa imebaki kwenye kuta za vyumba vitatu. Alisema hatagusa. Mama hakugombana. Alichukua mkeka wake akahamia jikoni, kile kibanda cha nje, akalala huko na moshi na tumbo lake. Walipishana uani kama wapangaji. Nilimwogopea mno. Kila asubuhi nilikwenda kuangalia kama bado yupo, kama tumbo bado lipo. Katika nyumba yetu hakukuwa na swali lingine: huyu ataishi ao ataenda kama yule?

Siku moja tuliamka tukasikia kelele chumbani, krr, krr, krr. Papa alikuwa amepanda juu ya kiti na brosi yake ya waya, ile ya kusugulia kutu kwenye vyuma. Hakupaka chokaa juu kama wengine. Alikuwa anakwangua manjano yenyewe mpaka kwenye mfupa wa ukuta.

Kazi hiyo ilikula siku nyingi, na sisi wote tulifanya, kwa vipande vya chupa, kwa visu vibovu. Vumbi la manjano lilijaa nyumba. Lilikuwa kwenye nywele, kwenye maji ya kunywa, kwenye bukari. Ukipiga chafya kitambaa kinatoka manjano. Viganja vyangu vilibaki hivyo hata baada ya kuoga. Nkambo alikaa mlangoni akisoma ukuta jinsi ulivyovuliwa. Chini ya manjano ya mashine ikatoka ya kiini cha yai. "Hii ni wakati bwana yangu alikufa," alisema. Chini yake ya siagi. "Hii, baba yenu alikuwa anaanza kazi." Chini ya yote, ngumu kama jiwe, ikatoka chokaa nyeupe ya wakati wa amri. Papa alipoifikia aliteremka kitini, akakaa chini, akaigusa kwa mkono wazi. Kisha akachanganya chokaa mpya ndooni akapaka juu ya ile ya zamani, na ikashika.

Mama alirudi chumbani. Alishusha rido ya manjano, akatundika dirishani shuka nyeupe ya ndoa yake, akatandika nyingine kitandani. Chumba kilikuwa cheupe hata kuangalia kulikuwa kunaumiza macho. Kulikuwa na baridi ndani yake ambayo sijui ilitoka wapi.

Ukazaliwa wewe. Mama alikwenda kuzalia materinite na wembe wake na mafuta yake ya taa, kwa sababu huko hakukuwa na kitu, akarudi kesho yake akiwa amekubeba, na Nkambo akafunga mlango. Kitovu kianguke kwanza.

Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea Mama uji. Siku moja niliingia asubuhi, jua linapiga shuka ya dirishani, chumba chote cheupe, na Mama amesinzia. Ulikuwa umelala juu ya shuka nyeupe. Nilikutazama, na nikaona una vumbi. Nilidhani ni lile la kukwangua, kwamba Papa amesahau pembe fulani na limekudondokea. Paji la uso, pua, kifua. Nikalowesha kidole kwa mate nikakufuta. Halikutoka. Nikasugua zaidi.

Mama akafumbua macho. "Unamufanya nini?"

"Iko na vumbi ya rangi, Mama. Inakatala kutoka."

Aliinuka akakutazama. Nakumbuka uso wake kuliko ninavyokumbuka wangu wa leo kwenye kioo. Alikufungua kope kwa kidole, na weupe wa jicho lako ulikuwa manjano. Manjano ya siagi, ndani ya chumba ambamo hakukuwa na manjano nyingine yoyote. Mama alipiga kelele ambayo wamama wa mstari mzima waliisikia.

Walijaa mlangoni. Mama wa Maombi alipenya mbele, akakuona, akarudi nyuma akishika kichwa.

"Imemuingia! Mulifukuza ku ukuta, sasa imepata fasi ya kukaa!"

Mtu asiniambie leo kwamba hilo ni jambo la kucheka. Sote tuliamini pale pale. Papa mwenyewe, Papa wa mafuta na maji, alisimama nyuma ya wanawake na brosi ya waya mkononi, na midomo yake ilikuwa mikavu. Ndiye aliyeitoa ukutani. Niliona akitazama mikono yake. Mama wa Maombi akasema mlango ufungwe, wasali, mtoto asitoke na kitu hicho kikaenda kwa watoto wa wengine. Nkambo akakaa kizingitini, miguu ameinyoosha.

"Hatoke. Kitovu haiyaanguka."

Mama alikuwa ameshakufunga mgongoni. Hakuwahi kumjibu mama mkwe wake vibaya, kabla wala baada.

"Mama, ule wa kwanza nilimufungia. Nilingojea kitovu. Kitovu ilienda naye mu kaburi." Akamruka miguu. "Nipisheni!"

Wakampisha. Papa alitupa brosi akachukua baiskeli, akampakia nyuma, na mimi nikakimbia nyuma yao mpaka dispansere ya masista, kifua kikiniwaka. Sista mganga alikuwa mwanamke mnene wa maneno machache. Alikukandamiza paji la uso kwa kidole gumba, akaachia, akatazama rangi ikirudi. Akakufungua macho. Akauliza kama unanyonya. Mama akasema kidogo, umeanza kulala sana.

"Mumefanya vizuri kuja mapema," alisema sista. Alieleza kwamba huo ni ugonjwa unaojulikana, wachanga wengi wanaupata, na wengi unawaacha wenyewe. Lakini wengine unazidi, na ukikosa kuonekana mapema unapanda kwenye ubongo. Basi mtoto analala, anaacha kunyonya, mgongo unajipinda.

Sista alikuvua nguo, akakufunika macho kwa pamba, akakulaza chini ya dirisha kubwa kwenye mwanga, na akamwagiza Mama akunyonyeshe kila mara, utake usitake. Halafu akauliza, kama wanavyouliza, "Uko na mwingine aliyekufa? Alikuwa namna gani?"

"Alikuwa muzuri, Sista," Mama akasema. "Hakukuwa na kitu. Alikuwa na rangi ya..."

Hakumaliza. Alifunga mdomo kwa mkono wake. Sista alingoja kidogo, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Ulikaa pale kwa masista mpaka ukaanza kunyonya kama mwizi. Kitovu chako kiliangukia hukohuko na hakuna aliyejua kilienda wapi, na Nkambo alituuliza habari zake mpaka alipokufa. Uliporuhusiwa, sista alisema manjano itabaki kwa muda, haina neno tena, tukuoteshe jua la asubuhi. Tulirudi kwa miguu, Mama na mimi. Jua lilikuwa limepinduka. Tulipofika uani, nyumba ya jirani ilikuwa inawaka.

Mama alisimama. Kisha akaelekea kule.

"Mama, hapana," nilisema. Sikusikika. Alipita pale mlango ulipokuwa, akakanyaga matofali na vigae, na mimi, kwa sababu niliogopa zaidi kubaki peke yangu, nikamfuata. Ilikuwa mara ya kwanza naingia mle tangu waende. Palikuwa na joto, na kimya, na ule mwanga ulikuwa juu ya kila kitu, juu ya mikono yangu, juu ya mavumbi. Kile kitambaa kilikuwa bado kwenye msumari.

Mama alikufunua kikwembe. Nje, sekunde chache tu kabla, nilikuwa nimeuona uso wako vizuri: mtoto wa manjano, macho ya manjano, hata kipofu angejua. Alikuinua kwa mikono miwili akakuweka mbele ya ukuta, ule mwanga ukakupiga.

Ikapotea.

Sijui niseme vipi ili unielewe. Hukuwa na ugonjwa wowote. Rangi yako ilikuwa tamu, macho yako yalikuwa ya asali, uling'aa. Mtoto mzuri, ameshiba, hasumbui mtu. Mama akatoka nawe mpaka kizingitini, kwenye jua: manjano. Akarudi ndani: hakuna. Akatoka tena. Akarudi. Nywele zilinisimama na nikaanza kulia, nikamshika kikwembe, lakini alikuwa hanisikii. Mwishowe alisimama pale ukutani nawe mikononi, uso wake karibu sana na wako.

"Nilikuwa namutazama," alisema. Hakuwa anasema na mimi; alikuwa anamsema yule wa kwanza. "Siku yote nilikuwa naikala pale. Nilikuwa namutazama."

Hajawahi kulisema tena, na mimi hakuna aliyeniuliza mpaka wewe. Mkeo hana kosa. Rangi yake nzuri, aiache. Mpelekeeni Mama kiti uani, na mtoto wenu akizaliwa msingojee kitovu, mtoeni nje mumpe pale pale alipokaa, kwenye jua. Anataka kumwona.